Fundi Mtoro na Samaki wa Inchi Mbili

Marehemu Mtoro bin Kitwana alizaliwa Bagamoyo, katika mtaa wa Dunda, na katika umri wake wote hakuhamia pengine. Kazi yake ilikuwa kukata vioo. Mtu aliyevunjikiwa na kioo cha dirisha, aliyetaka picha ya arusi itiwe fremu, au aliyetaka kabati la duka lake liwe na milango ya kuonyesha bidhaa, alimwendea yeye. Alipima mara mbili, akaandika kipimo juu ya ubao kwa penseli, kisha akamsomea mwenye kazi kwa sauti kabla ya kugusa almasi yake ya kukatia. Wateja wenye haraka walimwona mzito. Hata hivyo, sikupata kusikia kwamba kioo cha Mtoro kilikataa kuingia mahali pake.

Habari ninayotaka kuieleza haihusu vioo, ingawa ilianzia katika safari ya kupeleka vioo. Mwezi wa Mei, mwaka 1961, Mtoro alikuwa akienda Mapinga kwa baiskeli, amefunga nyuma yake vioo vinne vya zahanati, vimezungushiwa magunia. Kabla hajafika, gurudumu la mbele likapata pancha. Kando ya barabara palikuwa na dimbwi, mahali palipochimbwa kifusi wakati barabara ilipotengenezwa, nalo lilikuwa limejaa maji ya masika. Mtoro akachota maji kwa bakuli la bati, akatumbukiza mpira wa ndani, akaanza kuuminya ili aone viputo vinatokea wapi. Viputo vilitokea, na pembeni mwa viputo akatokea samaki.

Samaki yule hakufika inchi mbili. Magamba yake yalikuwa ya buluu iliyokolea, na kila gamba lilizungushiwa mstari mwekundu mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu. Mkia wake wote ulikuwa mwekundu. Mtoro aliniambia kwamba alimtazama hata akasahau tundu la mpira, na vioo vya zahanati vilifika alasiri, vikiwa vizima lakini vimechelewa.

Mwezi wa Agosti alirudi Mapinga kwa makusudi. Hapakuwa na dimbwi. Palikuwa na udongo mweusi uliopasukapasuka na nyayo za ng'ombe. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akipalilia muhogo karibu na hapo, na Mtoro akamwamkia, kisha akamwuliza:

"Mama, wale samaki wadogo wa hapa wamekwenda wapi?"

"Wamekufa, mwanangu. Ulitaka wafanye nini, wapande basi waende Dar es Salaam?"

"Na mwakani?"

"Mwakani watakuwapo."

"Watatoka wapi, ikiwa wamekufa?"

"Hilo uwaulize wao. Mimi nalima muhogo."

Mtoro hakuridhika. Akajaza udongo wa dimbwi lile katika kopo la maziwa, akalirudisha Bagamoyo, akaliweka chini ya kitanda. Mkewe, Bi Sihaba binti Rajabu, aliyekuwa akishona kofia za vitobo na kuziuza, aliwaambia majirani zake bila kuficha: "Waume wa wenzangu huja na nazi na mchele. Wangu ameniletea tope la Mapinga, tena amelilaza pamoja nasi." Mvua za vuli zilipoanza, Mtoro alikinga maji ya mvua na kuyamimina juu ya udongo ule. Siku ya pili asubuhi, ndani ya maji ya rangi ya chai, walikuwamo samaki wembamba kama nyuzi, wenye macho tu. Mayai yalikuwa yamengoja ndani ya tope kavu miezi mitatu.

Tangu siku ile alifuga samaki. Aliwatengenezea masanduku ya kioo yaliyoshikwa kwa fremu za bati na puti ya kuzibia. Aliwalisha viluwiluwi vya mbu, akavichota katika pipa lililokuwa nyuma ya nyumba. Samaki hao waliishi miezi michache tu hata akiwatunza namna gani, lakini kabla ya kufa walitaga, naye alikausha tope la sanduku, akalihifadhi katika kopo na kuandika juu yake tarehe na jina la dimbwi.

Wawili tulijiunga naye. Wa kwanza alikuwa Bwana Sabah bin Sultan, mwenye duka la vitambaa, ambaye aliagiza sanduku moja kwa ajili ya duka lake, ili watoto wa wateja wapate kitu cha kutazama wakati mama zao wanachagua kanga. Wa pili nilikuwa mimi, karani wa posta. Tulikutana kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri, katika karakana ya Mtoro, na mwaka 1965 tukajipa jina la Kikundi cha Wafugaji wa Samaki wa Mapambo. Bi Sihaba alituita Baraza la Tope.

Mtoro alituwekea taratibu, na hakuna aliyethubutu kuzivunja. Samaki wa Mapinga hawakuchanganywa na samaki wa Mkange, kwa kuwa wa Mkange walikuwa na ukingo wa manjano katika mkia, na Mtoro hakutaka kuharibu alichokikuta. Hakuna aliyeruhusiwa kuwauza. Kila masika, samaki waliozaliwa nyumbani walirudishwa katika dimbwi la asili yao, kwa hesabu ileile ya waliochukuliwa au zaidi. Na kila safari iliandikwa katika daftari: tarehe, dimbwi, kina cha maji, madume mangapi, majike mangapi, waliorudishwa wangapi, nani alishika wavu. Mwisho wa kila ukurasa wote tuliokwenda tulitia sahihi. Mistari ya daftari lile ilipigwa kwa rula.

Katika Januari ya mwaka 1968 ilitoka amri ya wilaya. Ilisema kwamba ni marufuku kuvua, kuchukua au kuweka nyumbani samaki yeyote wa maji baridi asiyetimiza urefu wa inchi nne. Amri hiyo ilikuwa na sababu njema. Watu walikuwa wamezoea kukokota vyandarua katika madimbwi na katika vijito vya Ruvu, wakizoa perege na kambale wachanga ambao wangalikuwa kitoweo cha watu kumi kama wangaliachwa wakue. Tangazo lilibandikwa katika soko la samaki na kwenye kivuko. Sisi watatu, ambao hatukuwa wavuvi wala wachuuzi, hatukuliona. Tulikwenda madimbwini masika yote kama desturi yetu. Bwana Sabah ndiye aliyelisoma, mwezi wa Agosti, alipokwenda kununua samaki wa karamu.

Ijumaa hiyo alifika karakanani akihema. "Fundi, tumekuwa majangili."

Akatueleza. Mtoro aliweka chini kipande cha kioo alichokishika.

"Inchi nne," akasema. "Wangu hawafiki mbili na robo hata wakizeeka."

"Basi tuwangoje wakue," Bwana Sabah akasema. "Labda tukiwalisha halua."

"Amri inasema na kuweka nyumbani pia?"

"Kuvua, kuchukua, au kuweka nyumbani. Nimeisoma mara tatu, na yule mwuza papa akaniuliza kama nasoma Yasini."

Nilipendekeza kwamba tuendelee kwa njia ya udongo, maana amri ilitaja samaki, haikutaja tope. Mtoro akatikisa kichwa.

"Wewe umesoma kuliko mimi," akasema, "lakini kinachotoka humo ni samaki, nawe wajua. Sitaki kufuga kwa kujificha. Tuombe amri ibadilishwe."

Sikupata kumwona akiwa na huzuni kama wiki ile. Alikuwa na masanduku matano na makopo kumi na manne, yaani kazi ya miaka saba. Samaki hao hawakuwa na umri wa kungoja. Ikiwa masika moja ingepita bila ruhusa, asingeweza kuongeza damu mpya kutoka dimbwini wala kurudisha wale waliozaliwa kwake, na amri ikifuatwa neno kwa neno, hata waliokuwa masandukuni ilimpasa kuwatoa. Alisema mara moja tu, tena kwa sauti ya kawaida, kwamba hajui atakapowakosa atatazama nini asubuhi.

Tuliandika ombi. Mimi nililipiga chapa posta, baada ya saa za kazi na kwa idhini ya mkuu wangu. Tuliomba mambo mawili: samaki ambao kwa maumbile yao hawafiki inchi nne wasihesabiwe kuwa samaki wachanga, na watu wanaowafuga kwa kuwatazama wapewe kibali cha kuchukua wachache kwa wavu wa mkono. Hapo nikatoa shauri ambalo nililiona la busara kabisa. Nilisema kwamba ombi lisilo na ushahidi ni maneno matupu, na kwamba yatupasa kuambatisha nakala ya daftari, ili wakubwa waone jinsi tunavyochukua wachache na kurudisha wengi. Bwana Sabah alisifu. Mtoro alinakili daftari lote kwa mkono wake, kurasa ishirini na mbili, akapiga mistari kwa rula, nasi watatu tukatia sahihi chini ya kila ukurasa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba kurasa tatu za mwisho zilikuwa za mwaka uleule wa amri.

Bwana Samaki wa wilaya, yaani ofisa wa uvuvi, alikuwa kijana wa Pangani, jina lake Mahfoudh, mtu mtaratibu na mwenye adabu. Alituita ofisini mwezi wa Oktoba. Alipomwona Mtoro akasimama.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, Bwana Samaki. Habari za kazi?"

"Kazi njema. Keti, mzee wangu. Ketini nyote." Akafungua jalada. "Tarehe kumi na mbili Aprili, mwaka huu. Dimbwi la Mapinga, kina inchi kumi na nne. Madume manane, majike kumi na moja. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu," akasema Mtoro.

"Na sahihi?"

"Ya kwanza yangu, ya pili ya Bwana Sabah, ya tatu ya Bwana Karani."

"Tarehe ishirini na sita Aprili, Mkange. Tarehe tatu Mei, Mapinga tena. Jumla safari saba." Akafunga jalada taratibu. "Nina miaka minne katika kazi hii. Ninamkamata mtu ameloa hadi shingoni, chandarua begani, naye huapa kwamba hajaona maji tangu mwezi wa Ramadhani. Leo nimeletewa mashtaka yameandikwa na washtakiwa, yametiwa sahihi, tena yamepigwa mistari."

Bwana Sabah aligeuka kunitazama. Nami nilitazama dirisha.

"Hatukuwa tumeiona amri," Mtoro akasema. "Lakini ni kweli, tulikwenda."

"Najua ni kweli. Nani angetunga kina cha maji?" Bwana Mahfoudh alikuna kidevu. "Hilo tuliweke kando kwanza. Nipe jibu la jambo la msingi. Nitajuaje kwamba hawa si kambale wachanga? Kila mvuvi huniambia samaki wake ni wa aina isiyokua."

"Kambale mchanga hatagi," Mtoro akasema. "Hawa hutaga wakiwa na inchi moja na nusu. Nikupe kopo la udongo, ulitie maji kwa mkono wako, uwaone mwenyewe."

"Hapa ofisini?"

"Hapa mezani."

Basi tarehe nne Novemba Mtoro alipeleka sanduku dogo la kioo na kopo moja la tope kavu la Mapinga. Bwana Mahfoudh alilichambua tope lile kwa ncha ya kalamu, akahakikisha kwamba hamna samaki, akalitia sandukuni na kulimwagia maji ya mvua. Siku ya tatu alimtuma tarishi wake, mzee mmoja, amwite Mtoro upesi. Walikuwamo. Tangu hapo sanduku lile likawa jambo la ofisi. Waliokuja kulipia leseni za mitumbwi walilisogelea na kubishana. Tarishi, kwa malezi yake mema, hakuweza kustahimili kuona maji ya rangi ya chai juu ya meza ya mkubwa, na siku moja alikutwa amelibeba hadi mlangoni ili ayamwage na kutia maji safi ya bomba. Bwana Mahfoudh alipiga ukelele ambao ulisikika hadi barazani, na baada ya hapo alikuwa akilifunika kwa gazeti kila alipotoka.

Alipima kila Jumatatu kwa rula. Wiki ya sita madume yalipata rangi. Wiki ya saba alimwona dume akimsogeza jike mpaka chini kwenye tope, wakatetemeka pamoja, na walipoachana palibaki yai moja dogo kama punje ya ulezi. Mwezi wa Januari ulipokwisha, mkubwa kuliko wote alikuwa na inchi mbili kasoro alama moja ya rula, na kwa wiki nne hakuwa ameongezeka.

"Fundi, nimeshindwa," Bwana Mahfoudh alimwambia Mtoro. "Kambale gani huyu anayezaa kabla hajafika kidole changu? Nitalipeleka ombi lenu mbele ya kamati, nami nitaliunga mkono."

Kamati ya halmashauri ilikaa mwezi wa Februari. Mtoro alivaa kanzu na koti, akasimama akiwa na kofia mpya aliyoshonewa na mkewe. Diwani mmoja, mfanyabiashara wa Lugoba, alimhoji kwa upole lakini bila kumwachia nafasi.

"Samaki huyu analiwa?"

"Haliwi, mheshimiwa."

"Anauzwa?"

"Hatuwauzi."

"Ni dawa?"

"La."

"Basi, fundi, unataka nini kwake?"

Mtoro alijibu taratibu, kama anayesoma kipimo. "Nataka kumtazama, mheshimiwa."

Watu walicheka. Diwani wa Mkange naye alicheka, lakini akasema kwamba kule kwao samaki hao wanajulikana tangu zamani, hakuna mtu aliyepata kushiba kwa ajili yao, na haoni mtu gani atapungukiwa na chakula ikiwa fundi atawatazama. Maneno hayo yalifanya kazi kuliko ombi langu lote. Kamati ilikubali. Samaki wa madimbwi ya mvua waliondolewa katika amri ya inchi nne, na kikaanzishwa kibali cha kuchukua jozi kumi na mbili kwa masika, kwa wavu wa mkono, kwa sharti la kuleta daftari ofisini kila mwisho wa msimu.

Tulimshukuru Mungu. Bwana Sabah alitaka kuchinja mbuzi. Kesho yake Bwana Mahfoudh alituita tena, na mara hii hakutabasamu.

"Kibali kimepita," akasema. "Lakini kila kibali cha uvuvi katika wilaya hii kina sharti moja la zamani: hapewi mtu aliyevunja kanuni za uvuvi katika miaka miwili iliyotangulia. Kuwapeleka mahakamani, sikupeleki, mzee wangu, wala hawa wenzako. Kamati imekubali kwamba hamkujua. Ila daftari lenu limo jaladani, na kamati imelisoma. Kuhusu kibali sina njia. Na samaki waliotokana na safari zile saba yakupasa kuwarudisha."

Bwana Sabah alipiga paja. "Yaani tumepika pilau, na sisi ndio hatukualikwa!"

"Wote watatu?" nikauliza.

"Nyote watatu. Sahihi ziko kila ukurasa." Kisha Bwana Mahfoudh akashusha sauti, akisema kama anayewaza peke yake, kwamba jalada lile ni nene, na kurasa tatu si nyingi.

Mtoro aliinua mkono. "Usizitoe. Zimeandikwa sawasawa." Baada ya hapo akauliza swali moja tu: ikiwa inafaa kuwarudisha samaki masika itakapojaza madimbwi, kwa kuwa wakati ule Mapinga palikuwa pakavu. Bwana Mahfoudh akakubali.

Tukarudi. Niliomba radhi kwa shauri langu la kiambatisho, naye akanijibu kwamba bila daftari lile Bwana Samaki asingalituamini katika lolote, kwa hiyo nisijisumbue. Lakini alipofika nyumbani hakula. Alikaa mbele ya masanduku yake. Bi Sihaba, aliyenisimulia haya baadaye, alimpelekea chai na kumwita kwa jina la binti yao.

"Baba Tatu, wamekataa?"

"Wamekubali. Ila si kwangu."

"Kwa nani, basi?"

"Kwa yeyote asiye na kosa."

Asubuhi Bi Sihaba alijitanda buibui lake, akaenda ofisini peke yake. Bwana Mahfoudh mwenyewe alitueleza mazungumzo yale, na tarishi akayathibitisha, kwa maana mlango ulikuwa wazi.

"Nimekuja kuchukua kibali cha samaki wa mvua," akasema Bi Sihaba baada ya kuamkiwa.

"Kwa ajili ya fundi, mama?"

"Fundi ana kosa. Kwa ajili yangu."

"Umewahi kuvua, mama?"

"Sijavua hata dagaa. Si ndiye mnayemtaka, mtu ambaye hajavua?"

Bwana Mahfoudh alicheka, kisha akarejea katika utaratibu. "Lakini mwenye kibali lazima awe anawajua samaki hawa na kuwatunza."

"Baba, nimelala nao chumba kimoja miaka saba." Akageukia sanduku lililokuwa mezani. "Huyu wako ana njaa, tumbo limeingia ndani. Na hawa madume wawili uwatenganishe, watamalizana. Hilo tope la chini ulikaushe kabla ya mwezi wa tatu, halafu usilitie maji mpaka vuli. Ukilitia mapema watatoka wachache. Baba Tatu akisafiri, unafikiri nani huwalisha? Baraza lile la Ijumaa linakunywa kahawa tu."

Kibali nambari moja kiliandikwa kwa jina la Sihaba binti Rajabu. Bwana Mahfoudh alimsomea masharti, na moja lilikuwa hili: mwenye kibali ndiye atakayeshika wavu, na mtu aliyezuiliwa haruhusiwi kuingia majini.

Katika wiki ya pili ya Aprili, 1969, tulikwenda Mapinga kwa gari la Bwana Sabah. Bwana Mahfoudh alitutangulia kwa pikipiki. Kwanza Mtoro alirudisha samaki wake wa Mapinga, thelathini na mmoja (wa Mkange walikwisha kurudishwa kwao), akimimina kila debe polepole kando ya majani ili maji yasiwagutushe. Bwana Mahfoudh aliwahesabu. Debe la mwisho Mtoro alilishika kwa muda mrefu kuliko mengine. Baada ya hapo akarudi nyuma hadi kwenye ukingo mkavu, akavua viatu kwa mazoea, akakumbuka, akavivaa tena.

Kwa kuwa waliorudishwa walihitaji kuachwa watulie, na kwa kuwa samaki wa dimbwini wenyewe walikuwa bado wachanga, ilitubidi kurudi baada ya wiki tano. Wakati huo wote masanduku ya Mtoro hayakuwa na kitu isipokuwa maji, kwa kuwa hata makopo yake hakutaka kuyafungua kabla ya kibali kutumika, na hata hivyo kila asubuhi alifuta vioo vyake.

Tuliporudi, katikati ya Mei, Bi Sihaba alikunja buibui, akaingia majini hadi magotini akiwa ameshika wavu. Mtoro alisimama ukingoni, vidole vya viatu vyake karibu kabisa na maji, na Bwana Mahfoudh kando yake.

"Kushoto, Mama Tatu. Chini ya majani. Ushushe wavu kwanza, kisha uupeleke mbele."

"Nimekuona ukifanya."

"Usiuinue haraka."

"Baba Tatu, kibali cha nani?"

Bwana Sabah alicheka mpaka akashika mti. Wavu ulitoka na madume matatu na majike manne, na mmoja kati ya madume alikuwa mkubwa kuliko wote niliopata kuona, mkia wake mwekundu kama kaa la moto. Mtoro akashindwa kujizuia.

"Huyo! Mtie debeni huyo."

Bi Sihaba alimtazama samaki yule katika kiganja chake chenye maji. "Huyu ni mtu mzima, ana majike wake hapa. Nikimchukua nani atabaki kuwatagisha?" Akateremsha mkono, samaki akaondoka. "Nitachukua hawa wawili wadogo."

Nilidhani Mtoro angebisha. Alitazama mahali samaki alipozama, kisha akamtazama mkewe aliyesimama katikati ya dimbwi na buibui limeloa, na akasema tu, "Vema." Jioni ile jozi kumi na mbili zilikuwa katika masanduku yao, na asubuhi yake Mtoro alichelewa kufungua karakana.

Kizuizi chake kilikwisha mwaka 1970. Bwana Mahfoudh alimpelekea fomu bila kuombwa. Mtoro aliisoma yote, akamsomea na Bi Sihaba, kisha akairudisha ofisini bila kuijaza, pamoja na salamu zake na maelezo kwamba kibali kimoja kwa nyumba moja kinatosha. Kwa miaka tisa iliyofuata, mpaka macho yake yalipoacha kuona mbali, alikwenda madimbwini kila masika akisimama ukingoni na viatu vyake, na Bi Sihaba akavua.